Wakubwa wameshika asilimia 82. Nami niingie?

Maswali ya wasomaji kuhusu hisa. Anayejibu alikaa miaka 11 kwenye chumba cha wachambuzi wa mfuko wa pensheni kabla ya kustaafu. Barua zimefupishwa.

*Shikamoo Mzee. Nimeweka akiba miaka mitatu, na sasa nina akaunti kwa dalali wa hisa, mwezi wa tano huu. Kuna kampuni moja ya kiwango cha kati iliyoorodheshwa Marekani, inatengeneza pampu za maji na vali, nimeitolea macho. Kwenye programu ya simu yangu, chini ya jina lake, pameandikwa "umiliki wa taasisi: 82%". Mwenzangu kazini ananiambia fuata nyuki ule asali: hao wana wachambuzi waliosoma, kazi yote wameshaifanya, mimi niingie tu. Mjomba wangu, aliyeanza kununua hisa mimi nikiwa shule ya msingi, anauliza: kama wakubwa wote wameshanunua, amebaki nani wa kuja kupandisha bei? Wote wawili wananiingia akilini, na hapo ndipo tabu yangu. Halafu juzi nimefungua tovuti nyingine nikakuta kampuni ileile ina umiliki wa taasisi wa asilimia 104. Mzee, watu wanamilikije zaidi ya kitu kizima?*

*Mwenye Hisa Mpya*

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo 104, maana ukiielewa hiyo, heshima uliyoipa ile 82 itapungua yenyewe.

Chukua kampuni yenye hisa milioni 100. Taasisi ya kwanza ina hisa milioni 20. Anakuja mtu anayeamini bei itashuka, anaziazima zile milioni 20 kwa ada, anaziuza sokoni leo akitarajia kuzinunua kesho kwa bei ndogo na kuzirudisha. Aliyezinunua kwake ni taasisi ya pili. Sasa siku ya kutoa taarifa, taasisi ya kwanza inaandika "nina milioni 20", kwa sababu kilichoazimwa bado ni mali yake. Ya pili nayo inaandika "nina milioni 20", na haikosei, kwani imezilipia. Hisa ni zilezile, zimehesabiwa mara mbili. Ikitokea taasisi nyingine zinashika zote zilizobaki, jumla inakuja milioni 120 juu ya kampuni yenye milioni 100. Kwa GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video, mwanzoni mwa 2021 hali ilifika mbali: hisa zilizouzwa kwa kuazima zilizidi zile zote zilizokuwa zikizunguka sokoni, na jedwali za umiliki zikawa zinaonyesha taasisi zina zaidi ya asilimia 100. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya.

Sababu ya pili ni ya kizembe zaidi. Tovuti moja inagawanya kwa hisa zote zilizotolewa, nyingine inagawanya kwa zile tu zinazouzwa na kununuliwa, ikiwa imetoa za waanzilishi na wakurugenzi. Moja inatumia taarifa za Machi, nyingine imechanganya za Machi na za Desemba. Kwa hiyo ukikuta 82 huku na 104 kule, usitafute siri. Ila ukiikuta namba imepita 100, kaangalie kiasi cha hisa zilizouzwa kwa kuazima. Hilo lina maana, kwa sababu kuna watu wameweka pesa zao wakingoja kampuni yako ianguke, na ni vizuri ujue wana hoja gani.

Sasa 82. Kwa kampuni ya kati au kubwa ya Marekani, hiyo ni namba ya kawaida kabisa. Ni kama kuniambia mchumba ana macho mawili. Hisa nyingi za soko lile ziko mikononi mwa mifuko ya pensheni, kampuni za bima, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mabenki na mifuko ya vyuo vikuu, na pesa yenyewe ni ya walimu, wauguzi na madereva wanaokatwa kila mwezi. Ingekuwa 15, au ingekuwa imetoka 40 kwenda 82 ndani ya miaka miwili, hapo ningekaa vizuri kwenye kiti.

Swali ambalo mwenzako kazini hakukuuliza ni hili: taasisi zipi? Fungua orodha yenyewe, usiishie kwenye asilimia. Chukua karatasi, andika majina kumi ya juu. Nakuhakikishia matatu ya mwanzo yatakuwa, au yatakaribia kuwa, BlackRock, Vanguard na State Street. Hao watatu kwa pamoja wana takriban sehemu moja ya tano ya kampuni za kawaida kwenye faharisi ya S&P 500, yaani orodha ya kampuni kubwa 500 hivi za Marekani, na sehemu kubwa ya fungu lao haikununuliwa na mchambuzi yeyote. Ni mifuko inayofuata faharisi, aina ambayo John Bogle wa Vanguard aliifungulia wananchi wa kawaida mwaka 1976. Kampuni ikiwa kwenye orodha, mfuko unainunua. Ikitolewa, unaiuza. Hakuna anayefungua vitabu vya mahesabu, hakuna anayempigia simu mkurugenzi wa fedha. Tesla ilipoingia S&P 500 tarehe 21 Desemba 2020, mifuko hiyo ililazimika kununua mamilioni ya hisa zake kufikia siku hiyo, bei iwe ghali iwe rahisi. Ukisema "taasisi zimeikubali Tesla" kwa kuangalia manunuzi yale, umesema jambo ambalo halikutokea.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, wakate kwa mstari hao wa faharisi. Kwa kampuni yako ya pampu, huenda kwenye ile 82 ukajikuta umetoa 25 au 30 kabla hujafika kwa mtu wa kwanza aliyekaa akafikiri.

Wanaobaki nao hawafanani. Kuna wale wanaonunua na kukaa miaka saba. Kuna wale wa kuingia Jumatatu na kutoka Alhamisi, wanaotegemea kompyuta na wasiojua hata kampuni inatengeneza nini. Kuna mabenki yanayoshika hisa kwa niaba ya wateja. Wote wanaitwa "taasisi" kwenye simu yako.

Nikupeleke kidogo ndani ya kile chumba nilichokaa. Tulikuwa na kampuni moja tuliyoipenda kweli, mimi ndiye niliyeiandikia ripoti. Tuliinunua ikiwa asilimia 2 ya mfuko. Ikapanda, ikapanda, ikafika asilimia 5 na ushee. Kanuni zetu zilisema hakuna kampuni moja kuvuka 5. Basi asubuhi moja bosi akapita mezani kwangu, akaweka kidole kwenye jedwali, akasema, "Hii ikatwe." Tukakata robo ya fungu. Miezi miwili baadaye nasoma gazetini kwamba mfuko wetu "umepoteza imani" na kampuni ile, na hisa ikayumba siku mbili tatu. Wiki hiyohiyo bado ilikuwa ndiyo kampuni yetu kubwa kuliko zote! Mara nyingine tuliuza kwa sababu nyepesi zaidi: wastaafu walikuwa wengi mwaka ule na pesa zao zilitakiwa mwisho wa mwezi. Tuliuza kile kilichokuwa rahisi kuuzika, yaani kampuni kubwa zenye wanunuzi wengi. Zile mbovu tulibaki nazo, maana nani angezichukua?

Kwa hiyo ukiona taasisi moja imepunguza, tulia. Ukiona wale wenye tabia ya kukaa muda mrefu, watatu au wanne, wanapunguza robo mwaka baada ya robo mwaka, na kampuni haijapanda bei kiasi cha kuwalazimisha, hapo acha kutulia.

Nyuki wa mwenzako ana shida nyingine: ni nyuki wa siku 45 zilizopita. Marekani, meneja yeyote anayesimamia hisa za kuanzia dola milioni 100 hujaza fomu iitwayo 13F kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, ambayo wengi tunaiita SEC. Anatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kuisha. Wengi husubiri siku ya mwisho, maana nani anataka kuonyesha karata mapema? Ina maana picha unayoiona katikati ya Mei ni ya tarehe 31 Machi. Na hisa alizonunua mwanzoni mwa Januari, wewe unazijua miezi minne na nusu baadaye.

Hili nililipia ada mwenyewe. Kabla sijaingia kwenye mfuko, nilikuwa kijana ninayejiona mjanja, nikaona kwenye orodha kwamba meneja mmoja mwenye jina kubwa ameingia kwa nguvu kwenye kampuni fulani ya vifaa vya simu. Sikusoma hata ukurasa mmoja wa mahesabu yake. Nikanunua siku ya pili tu baada ya orodha kutoka, nikawatangazia na rafiki zangu. Orodha iliyofuata, jina la kampuni ile halikuwepo kabisa. Alikuwa ameshauza, pengine wakati mimi nabonyeza kitufe cha kununua yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili. Nilitoka nimepoteza theluthi ya pesa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na namna ya kujua niuze lini, kwa sababu sikuwa na sababu yangu ya kununua. Nilikuwa na sababu ya mtu mwingine, naye hakuniaga.

Na hiyo fomu yenyewe haionyeshi kila kitu. Haionyeshi hisa ambazo meneja ameuza kwa kuazima. Inaweza kukuonyesha ana milioni 3 za kampuni A, usijue ameweka dau la kuanguka kwa kampuni B ili A imkinge tu. Opsheni, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, nazo huandikwa kwa namna inayodanganya jicho. Agosti 2023 vichwa vya habari vilipiga kelele kwamba Michael Burry, yule aliyejulikana kwa kuona mapema anguko la mikopo ya nyumba la Marekani, ameweka dola bilioni 1.6 akingoja soko lianguke. Fomu ilikuwa imeandika thamani ya hisa zilizo nyuma ya opsheni zile. Bei ya kununua opsheni zenyewe ni sehemu ndogo ya hapo. Fomu iliyofuata, ya mwisho wa Septemba, opsheni zile hazikuwepo tena. Watu waliouza hisa zao kwa hofu ya bilioni 1.6 waliuza kwa kivuli.

Kuna na wanaoruhusiwa kuficha. Berkshire Hathaway ya Warren Buffett ilipewa ruhusa ya kutotaja kampuni iliyokuwa ikiinunua kuanzia 2023, na Mei 2024 ndipo dunia ikajua kuwa ni kampuni ya bima ya Chubb. Kipindi chote hicho, aliyekuwa akiangalia orodha ya Buffett hakuona kitu.

Na kisa kinachonitisha kuliko vyote ni cha Archegos, Machi 2021. Hiyo ilikuwa ofisi ya kusimamia mali ya mtu mmoja, Bill Hwang. Hakununua hisa kwa jina lake. Aliingia mikataba na mabenki: hisa ikipanda benki inamlipa, ikishuka analipa yeye. Benki, ili isiumie, inanunua hisa zenyewe na kuziweka. Mtu aliyesoma orodha ya wamiliki wa ViacomCBS, kampuni ya televisheni na filamu, wakati ule aliona majina ya mabenki makubwa, akasema moyoni, "Hawa si wa kuchezea, hapa pako salama." Nyuma ya mabenki yote alikuwepo mtu yuleyule, kwa pesa za mkopo. Aliposhindwa kulipa, mabenki yakamwaga hisa sokoni, na ndani ya wiki moja ViacomCBS ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Credit Suisse peke yake ilipata hasara ya takriban dola bilioni 5.5.

Hapa ndipo mjomba wako anapoingia, na nampa heshima yake. Hoja yake ina ukweli, ila ameikata nusu. Kwamba wakubwa wamejaa ndani hakuzuii bei kupanda. Kampuni ikiongeza faida, walewale waliomo watakubali kulipa zaidi kwa kila hisa, na pesa za pensheni zinaingia kila mwezi. Hatari iko mlangoni.

Chukua kalamu tena. Tuseme kwenye orodha ya kampuni yako ya pampu kuna mfuko mmoja wenye hisa milioni 9. Angalia wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku. Tuseme ni 150,000. Mfuko ule ukitaka kutoka bila kuiangusha bei, hauwezi kuuza zote kwa pupa; tuseme unajizuia kuchukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya biashara ya siku, yaani hisa 30,000. Milioni 9 kwa 30,000 ni siku 300 za soko. Mwaka mmoja wa soko una siku kama 250 tu. Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila asubuhi unapoamka, kuna mtu anauza. Na wakiwa watatu wa namna hiyo, wakaogopa siku moja, hawatangoja siku 300. Hesabu hii ni ya dakika mbili, na sijawahi kuiona kwenye programu yoyote ya simu.

Valeant, kampuni ya dawa, ndiyo mfano ninaoukumbuka nikisikia "wataalamu wameshaifanya kazi". Mwaka 2015 ilikuwa kipenzi cha mameneja wanaoheshimika. Mfuko wa Sequoia, wenye sifa ya uvumilivu na umakini, ulifika mahali karibu theluthi ya mali yake ikawa kampuni hiyo moja. Bill Ackman naye aliingia kwa mabilioni. Agosti 2015 hisa ilikuwa zaidi ya dola 260. Yakaja maswali juu ya jinsi ilivyopandisha bei za dawa, juu ya duka la dawa iliyokuwa na uhusiano nalo wa chinichini, juu ya madeni. Ackman alipotoka Machi 2017, hisa ilikuwa chini ya dola 15. Wale hawakuwa wajinga, mwanangu. Walisomeana kazi, kila mmoja akapata faraja kumwona mwenzake yumo. Unachotaka kukifanya wewe kwao, wao walikuwa wakifanyiana.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili, ukaanza kusaka kampuni ambazo hazina taasisi hata moja. Wapo walioufanyia kazi upande huo. Peter Lynch, aliyeendesha mfuko wa Magellan kuanzia 1977 hadi 1990, alikuwa akisema wazi anapenda kampuni ambazo wakubwa bado hawajazigundua, kwa sababu siku wakizigundua manunuzi yao yatakukuta ndani. Ni kweli inatokea. Lakini jiulize kwa nini hawapo. Wakati mwingine sababu ni hesabu tu: mfuko wa dola bilioni 20 unaotaka kila fungu liwe angalau asilimia moja unahitaji kununua hisa za milioni 200. Kampuni ikiwa na thamani ya milioni 300 yote, mfuko ungelazimika kununua theluthi mbili yake. Hauwezi, hata ikiwa ni almasi. Kampuni kama hiyo haijakataliwa, haijaangaliwa. Wakati mwingine walikuja, wakaangalia, wakaondoka, na waliondoka kwa sababu. Hizo mbili kwenye simu yako zinafanana: zote zinaonyesha asilimia 4.

Utaniuliza, Mzee, basi namba hii ina faida gani? Ninayoithamini mimi ni ya kura. Mwenye hisa 50 hasikilizwi kwenye mkutano mkuu. Mwenye asilimia 6 anapigiwa simu. Mei 2021 mfuko mdogo uitwao Engine No. 1, ukiwa na takriban asilimia 0.02 tu ya hisa za ExxonMobil, uliingiza wakurugenzi watatu kwenye bodi ya kampuni ile. Hisa zake hazikutosha kuchagua hata mlinzi wa getini. Ulichofanya ni kuwashawishi wakubwa, na BlackRock, Vanguard na State Street wakaunga mkono baadhi ya majina yake. Kwa hiyo hata wale niliokwambia uwakate kwa mstari kwenye manunuzi, warudishe kwenye kura. Hawakuchagua kununua, lakini wanachagua namna ya kupiga kura, na kwa kuwa hawawezi kuuza kampuni ikiwa bado iko kwenye faharisi, kura ndiyo sauti waliyobaki nayo.

Kwa hilo, pamoja na 13F, angalia taarifa za wanaovuka asilimia 5. Marekani, mwenye kuvuka hapo akiwa na nia ya kushinikiza uongozi hujaza 13D, na tangu 2024 ana siku tano za kazi tu. Asiye na nia hiyo hujaza 13G, ambayo ni fupi. Uingereza taarifa huanzia asilimia 3. Ile 13D haina uchovu wa siku 45, na ina sehemu ambapo mwenyewe anaeleza amekuja kufanya nini. Isome hiyo sehemu.

Kwa kampuni yako ya pampu, ningekuwa wewe ningeianza upande mwingine kabisa. Jioni ya kwanza: mahesabu ya miaka mitano, nikiangalia kama faida inayoandikwa inafanana na pesa taslimu inayoingia, na deni linaiva lini. Jioni ya pili: nani anazinunua pampu hizo, na kama mteja mmoja akihama kuna nini kinabaki. Ningeandika sababu zangu tatu kwenye daftari, kwa mkono. Jioni ya tatu ndipo ningefungua orodha ya wamiliki, nione kama kuna mkaaji wa muda mrefu aliyeona ninachokiona, au kama kuna fungu la siku 300 limeinamia mlango. Ukianza na orodha, jioni mbili za kwanza hutazifanya. Najua, kwa sababu sikuzifanya.

Msalimie mjomba.

*Mzee, habari za kazi. Nimeona kampuni ambayo familia ya mwanzilishi ina asilimia 61 na taasisi zina 12 tu. Je, hiyo 12 ni dalili kwamba wakubwa hawaiamini?*

*Msomaji wa muda mrefu*

Salama kabisa. Gawanya upya. Familia haiuzi, kwa hiyo kilichoko sokoni ni 39. Kumi na mbili katika 39 ni karibu asilimia 31 ya kile ambacho taasisi zingeweza kukinunua. Siyo nyingi, siyo aibu.

Wasiwasi wangu kwa kampuni ya namna hii ni mwingine: ninyi wengine wote mkikubaliana, bado mna 39. Familia ikiamua kwamba kampuni inunue biashara iliyokufa ya mtoto wao, mtalalamika tu. Soma ukurasa wa miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Uko mwishoni mwishoni mwa ripoti ya mwaka, kwa herufi ndogo. Angalia pia kama hisa zote zina kura sawa. Meta, kampuni mama ya Facebook, ni mfano unaojulikana: Mark Zuckerberg ana sehemu ya saba hivi ya hisa, lakini kura zake zinazidi nusu, kwa kuwa hisa zake za daraja B zina kura kumi kila moja. Pale taasisi zote duniani zikiungana haziwezi kumwondoa.

*Shikamoo. Kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni niliyonunua, mwenye hisa wa pili kwa ukubwa ni benki maarufu, asilimia 14. Nilifurahi sana. Mke wangu ameniambia nikuulize kabla sijaongeza.*

*Mume Msikivu*

Marahaba, na mke wako apewe salamu zangu kabla yako.

Tazama neno linalofuata jina la benki. Kama kuna neno lolote lenye maana ya mteule, mdhamini au mtunzaji, benki ile haijanunua chochote. Inatunza hisa kwa niaba ya wateja wake, kama anayekushikia koti ukiwa unacheza. Hiyo 14 inaweza kuwa ya wateja 300 wasiofahamiana, au ya mmoja. Kwa Marekani jambo hili limefika kilele: hisa nyingi za kampuni zilizoorodheshwa ziko kwenye daftari kwa jina moja, Cede & Co., ambalo ni jina la kutunzia tu la hazina kuu ya hisa za soko lile. Kwa kusoma daftari peke yake ungeamini Cede ndiye tajiri wa kwanza duniani.

Waandikie ofisi ya mahusiano na wawekezaji ya kampuni yako, uliza ni nani walio nyuma ya ile akaunti. Mara nyingi wanajua, na wakati mwingine wanajibu. Kuongeza, subiri jibu.